Ndizi za Foleni ya Karatina

Sijawahi kuelewa jinsi barabara ya kulipia inavyopunguza foleni, ilhali lazima upange foleni ili uilipie. Nilitumaini kuelezwa kwenye mkutano wa wananchi pale Karatina, lakini injinia wa kampuni inayotaka kuijenga alifika akiwa amechelewa. Aliomba radhi: alikwama kwenye msongamano.

Muuza ndizi mmoja alisimama, ndoo mkononi. "Injinia, ni mimi nimekuuzia ndizi kwa hiyo jam. Hata maganda uko nayo kwa gari. Sasa jam ikiisha, watoto wangu watakula lami?"

Injinia alijipangusa mdomo. "Mama, hapo kwa geti ya kulipia magari yatasimama kidogo."

"Kidogo ya kununua ndizi?"

"Eeh, ya kununua ndizi."

"Na ya kurudishiwa chenji?"

Tulipiga makofi kabla hajajibu. Mkutano ukaamua barabara ijengwe, na wauza ndizi wapewe nafasi getini. Kisha tukaomba, tukanywa soda.

Kampuni bado haijaleta hata tingatinga. Lakini penye kigingi kinachoonyesha geti litakapokuwa, katikati ya shamba la mahindi, mama ameshaketi na ndoo yake, anangoja foleni.