Watu Walikuwa Hawajaona

Siku moja naikumbuka kuliko ninavyopenda, mwanangu. Leo umekuja kuniamkia na begi la mazoezi begani, ukanisimulia kwa furaha ulivyomkunja mwenzako mkono mpaka akalia, nami nikaitikia marahaba kwa shida. Kaa hapo.

Ujanani nilicheza hiyo hiyo jujitsu ya Kibrazili, kwenye ukumbi mmoja mtaa wa Mirongo. Nilifanya mazoezi na Hamisi, rafiki yangu na jirani yetu pale Igogo. Mwalimu wetu, fundi wa injini za boti, alitufundisha kabali na kukunja viungo, lakini kabla ya yote alitufundisha kugonga. Ukimgonga mwenzako mwilini kwa kiganja, umekubali kushindwa, naye anaachia papo hapo. Ndiyo maana watu wanakabana shingo leo na kesho wanakunywa chai pamoja.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Hamisi akaninasa mkono wa kulia, akaunyoosha juu ya nyonga yake. Nikamgonga pajani kwa mkono wa kushoto, uliokuwa upande wa ukutani, watu wasikoona. Akaendelea kuvuta huku watu wanamshangilia kwa makofi, mpaka kiwiko kikalia na mimi nikapiga yowe.

Mwalimu alimuuliza, "Hukusikia amegonga?"

"Nilisikia, mwalimu. Ila watu walikuwa hawajaona."

"Mchezo uliisha alipogonga. Ulichofanya baada ya hapo si mchezo. Vua hilo koti la mchezo."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Labda walisahau kumalizia, maana mimi nililisikia la mkuu, na kiwiko kilichovunjika ni changu.

Hakikunyooka tena. Babu yako alipofariki, mimi mwanawe wa pekee ndimi niliyestahili kuteremka kaburini kumpokea. Mikono ya kumpokea maiti lazima inyooke. Aliyeteremka badala yangu, kama jirani mwema, ni Hamisi. Alipopanda, na udongo magotini, akaniambia pole. Ilikuwa pole ya msiba. Ya mkono sijaisikia hadi leo, na bado tunasali msikiti mmoja. Inaniuma, mwanangu, sikufichi.

Sikuambii uache mchezo. Kaba, kunja, shinda. Lakini mwenzako akigonga, achia, hata kama umesikia wewe peke yako. Hasa ukisikia wewe peke yako. Na huyo uliyemliza jana, nenda kwake leo kabla ya magharibi. Usimpelekee pole tupu. Mwambie nisamehe, kwa mdomo wako, akiwa anakutazama.

Mungu akuzidishie nguvu, akukinge na makofi ya watu. Na siku yangu ikifika, akujalie uteremke wewe kunipokea, kwa mikono yako yote miwili.