Kidole cha Ziada

Shemeji yangu ni fundi bomba hodari, na kwenye gitaa anazo kodi tatu, yaani namna tatu za kushika nyuzi: G, C na D. Zimemtosha miaka ishirini na mbili, kwa sababu nyimbo zote anazozijua anazipigia kwenye G, na zile zisizokubali anaziita mbovu. Iko kodi nyingine, F, inayotaka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote kwa pamoja. Cha kwake kiliwahi kubanwa na bomba, hakilali. Hilo halisemi. Anachosema ni kwamba F haina utamu.

Na dada yangu, mkewe, hana sauti. Nilisadiki, maana shemeji alilisema kwa upole na mbele za watu: "Mama watoto kajaliwa mengine." Dada akijaribu kuifuata ile G, ama alizama chini akakoroma, ama alipanda juu akapasuka. Mwishowe aliacha, akawa anatumiminia chai sisi tukiimba. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Mwaka huu binti yao akapata mchumba, akaja na ombi moja tu. Siku ya harusi, mama amwimbie ule wimbo aliokuwa akiuimba peke yake zamani, akimsuka nywele.

"Mwanangu," shemeji akasema, "mama yako nampenda. Sitaki aaibike ukumbini."

"Baba yako kasema kweli," dada akasema. "Niacheni tu." Lakini macho yalikuwa yamemjaa machozi, na iliniuma.

Mpwa wangu akatoa mkobani kibanio kidogo cha chuma chenye mpira. "Hii inaitwa kepo," akasema. Shemeji akaitazama kama anavyotazama bomba lililofungwa na fundi mwingine.

"Hicho ni cha watu wasio na vidole."

"Sawa, baba." Akakibana kwenye mstari wa tano wa shingo ya gitaa, nyuzi zote zikalala chini yake. "Sasa piga G yako ileile. Vidole usibadilishe."

Akapiga. Sauti ikatoka juu zaidi, nyembamba na safi.

"Hiyo sasa ni C," binti akasema. "Na ukishika C yako, utasikia ile F unayoikimbia."

Shemeji akakohoa, akaendelea kupiga. Dada, birika bado mkononi, akaingia kwenye wimbo. Hakukoroma, hakupasuka. Sauti ilitoka nzima, ikajaa sebule, nami nikakionea haya kile kicheko changu cha miaka yote.

Wimbo ulipoisha, shemeji akauliza taratibu, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mwaka wa kwanza. Nilisema G yako iko chini mno kwa sauti yangu. Ukaniambia nikaze."

Siku ya harusi dada aliimba, na ukumbi mzima ukasimama. Shemeji akakimbilia kipaza sauti kuwaeleza wageni kwamba aliyemfundisha mkewe kuimba ni yeye. Dada alitabasamu tu.

Siku hizi kile kibanio hakikai na gitaa, kinakaa kwenye pochi ya dada. Wageni wakija, shemeji humfuata jikoni kukiomba. Dada humwuliza kwanza kama watu wameshapata chai, na shemeji huchukua birika, akaenda kumimina.