Steringi Aliyefupika

Miaka ile ya ruksa, deki za video zilipoanza kuingia Kibiti pamoja na mitumba, nilikuwa mfasiri wa banda la video. Nilisimama kando ya televisheni nikiwaeleza watu kwa Kiswahili wanachosema Wazungu. Kiingereza chenyewe nilikuwa nakibahatisha, lakini sauti nilikuwa nayo, na hakuna aliyeweza kunihakiki.

Kulikuwa na picha moja ya mapigano ambayo watu waliifuata kwa miguu kutoka Ruaruke. Basi tajiri wangu, mwenye banda, alipoleta sehemu ya pili, nilizunguka na baiskeli siku tatu, kipaza sauti mkononi, nikitangaza kwamba hii ni moto zaidi. Sikuwa nimeiona.

Mchana wa Idi Mosi banda lilijaa pomoni. Mkanda ukaanza, steringi, yule shujaa wa picha, akatokea: mtu mwingine kabisa, si yule wa sehemu ya kwanza, mfupi, ana kitambi. Helikopta ilisikika tu, haikuonekana. Ghala likalipuka, baada ya kitambo likalipuka tena, lile lile. Watu wakanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyeitengeneza.

"Amebadilishwa sura hospitalini," nikasema, "ili maadui wasimtambue."

"Na miguu wamempunguza?" akauliza mama mmoja muuza vitumbua.

Wakacheka. Nikaona niongeze chumvi. Steringi alipomwambia jambo mwanamke mmoja, nikapaza sauti: "Anaapa! Kwa damu ya baba yake, atalipiza!"

Mwanamume wa benchi la mbele akainua mkono kwa adabu. Alikuwa mwalimu mgeni kutoka bara, hata wiki hajamaliza. "Samahani, ndugu yangu. Ameuliza choo kiko wapi."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Nikajifanya natengeneza waya wa spika. Tajiri akataka kuzima jenereta, watu wakamkatalia: "Mwache adanganye, picha yenyewe haina kitu!" Nikaendelea hadi mwisho, mwalimu akinisahihisha pole pole.

Watu walipotoka, mwalimu alinisubiri mlangoni. Nilidhani anataka kunisimanga.

"Kusimulia unajua," akasema. "Lugha ndiyo huna. Njoo shuleni Jumatatu."

Nikaenda, mtu mzima na ndevu zangu. Akanikalisha na darasa la tano, magoti yakigonga dawati, na mtihani wa kwanza nikashika mkia.