Baiskeli za Umeme, Keria ya Kung'aa na Mkono Wangu wa Kilo

Jamani, kuna aibu za kusimulia na aibu za kufa nazo, na hii ningekufa nayo kama watu wa Ipililo wasingekuwa wanaisimulia kila wakiniona, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi tumeruhusiwa kununua pamba, na mkulima aliyezoea kuuzia ushirika tu akajikuta anabembelezwa kama mwali. Huyu anagawa kanga, yule anachinja ng'ombe, mimi nikasema nitawamaliza wote, nikatafuta Mwanza baiskeli mbili za umeme, mitumba ya Kijapani, ziwe zawadi kwa wakulima wawili watakaoniuzia pamba nyingi kuliko wenzao. (Umeme wenyewe Ipililo ulikuwa haujafika, lakini tusiharibu hadithi.) Bosi wangu alishaniambia, wakulima wa kituo chetu cha kununulia pamba pale Ipililo wakinikataa, nitafute kazi nyingine.

Kuzifikisha huko kutoka Bariadi ilibidi ninunue keria ya kagari kangu kadogo, nikaenda kwenye duka la spea la rafiki yangu Masunga. Akanionyesha mbili. Ya kwanza ya kufunga juu ya paa, chuma kitupu, imechomelewa na fundi wa mtaani, mbaya kuitazama. Ya pili nyembamba, inang'aa, inafungwa kwa mikanda kwenye buti, nayo imeandikwa mwisho kilo arobaini. Nikaipenda hiyo ya pili kwa sababu baiskeli zingening'inia nyuma na kila mtu angeziona.

"Umezipima hizo baiskeli?" Masunga akauliza.

Kuniuliza mimi! Mimi ambaye furushi la pamba nalinyanyua kulipachika kwenye ndoano ya mizani, nataja kilo kabla mshale haujatulia, nalishusha, linakuja jingine? Nikainyanyua moja palepale.

"Kumi na nane. Mbili, thelathini na sita. Zinabaki nne za kuchezea."

"Basi toa betri uziweke ndani ya gari."

"Nikitoa betri watajuaje kama ni za umeme?"

Masunga akafunga mikanda. "Haya, bosi," akasema.

Nikaondoka asubuhi, vioo juu kwa ajili ya vumbi, redio juu zaidi, na kuanzia lile korongo la karibu na kijiji watu wakaanza kunipungia mikono, wengine wanakimbia kabisa nyuma ya gari, nami nikapiga honi na kuwapungia kama mgombea ubunge. Moyoni nasema, msimu huu ni wangu.

Kituoni nikaegesha pua ya gari ikiwaelekea wakulima, ili zawadi nizifunue mwishoni, nikashuka moja kwa moja kwenda kuhutubia. Nilihutubia, jamani! Nilikuwa nimefika pale pa "baiskeli isiyojua kuchoka" mkokoteni wa ng'ombe ulipoingia, juu yake kakaa Mayu Kabula, mama anayeongoza kwa pamba pale, na ubavuni kwake baiskeli yangu imepinda usukani.

"Mwangaluka, ng'wanone," akanisalimia kwa Kisukuma, kwa upole, kama mama na mwanawe. "Hii nimeiokota korongoni. Nilikupungia mkono, na wewe ukanipungia."

Watu wote wakazunguka nyuma ya gari, wakaangua kicheko. Ya pili ilikuwa inaning'inia kwa mkanda mmoja, haina gurudumu la mbele. Badala ya kunyamaza (mdomo huu!) nikaanza kufoka, "Keria mbovu hii! Inabeba arobaini, na hizi ni thelathini na sita, nimezipima mwenyewe!"

"Kwa mizani?" Mayu Kabula akauliza.

"Kwa mkono."

Kicheko kikakatika. Mama akawaonyesha vijana wawili ile baiskeli nzima kidogo, wakaitundika kwenye mizani yangu mwenyewe, naye akasimama kuusubiri mshale. Ukatulia kwenye ishirini na nane.

"Kumi zimekwenda wapi?" akauliza. "Na mafurushi yetu unayoyanyanyuaga, nayo yanapunguaga hivyo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Naapa sikuwa mwizi, nilikuwa najiamini tu, lakini nilipowatazama usoni nikaona kwamba kwa aliyelima hayo mawili hayana tofauti. Nikasema hivyo kwa sauti, nikaomba radhi, mbele ya wote.

Wakateta pembeni muda mrefu, kisha Mayu Kabula akarudi. "Tutakuuzia. Ila mizani nitasoma mimi."

Akaisoma msimu mzima, taratibu, "Subiri itulie," na kila jioni kilo zilikuwa nyingi kuliko nilivyozoea. Kazi yangu ikapona. Toka siku ile siupi tena mkono wangu heshima isiyo yake, hata sukari nasubiri mshale utulie.

Baiskeli zilipotengenezwa nikarudi kwa Masunga kuchukua ile keria mbaya ya chuma, nizirudishe Ipililo kwa washindi. Akanitazama. "Umezipima?"

"Ishirini na nane kila moja," nikamjibu. "Amepima Mayu Kabula."