Sauti Niliyoililia kwenye Hitima

Nimemzika baba yangu mwaka huu, na kabla machozi hayajakauka nikajiaibisha mbele ya mtaa mzima hapa Rumonge.

Baba aliacha utepe wa zamani wa kurekodia sauti, ule wa kuviringishwa kwenye magurudumu mawili. Juu ya boksi lake palikuwa na jina la baba. Mashine ya kuuchezesha anayo Hamisi, fundi cherehani. Anasema wapenda muziki wa Bujumbura wanazitafuta tena. "Sauti ya simu iko nyembamba, dada. Hii iko na mwili."

Tulipouweka, ndani yake kijana mmoja akaimba kaswida kwa sauti tamu. Baba alinizaa uzeeni, sauti yake ya ujana sikuijua, na sikuwahi kumsikia akiimba. Hata hivyo sikumuuliza mtu, kwa maana nilitaka sana awe yeye.

Siku ya hitima, watu walipomaliza kula, Hamisi akawasha mashine. Nikalia kwa sauti, "Baba yangu," na wanawake wakalia pamoja nami. Mzee Juma, rafiki wa baba, alikuwa anatazama mkeka. Kaswida ilipoisha akasema polepole:

"Mwanangu, usinililie, miye ningali hai. Huyo ni mimi. Baba yako alikuwa anashika mikro, ananirekodi. Kuimba hakujua hata kidogo."

Watu wakacheka. Nikafunika uso kwa kitenge.

Utepe ulikuwa bado unazunguka. Humo mtu mwingine akasema, karibu kabisa na mikro: "Juma, rudia. Umekohoa."

"Huyo sasa ndiye," akasema Mzee Juma.