Suti ya Marehemu

Hapa Kolwezi sijaona mpiga picha aliyesoma kama mimi. Nasema hivyo bila aibu, kwa kuwa hakuna aliyenisomesha. Johannesburg nililinda magari ya watu usiku, mchana nikakaa darasani, na nikarudi na diploma ambayo wenye studio mtaani kwetu wanaicheka kwa sababu hawana. Nilifundishwa kwamba kila aina ya picha ina sheria yake. Bibi harusi utamfuta chunusi na kumlainisha ngozi, hicho ndicho anachokulipia. Sabuni ya tangazo utaing'arisha mpaka itamanike kuliwa. Lakini mtu uliyempiga picha kazini kwake humgusi. Ukimgusa, umedanganya.

Mdogo wangu alikuwa mchimbaji. Niliporudi nilimfuata machimboni, nikamngoja mdomoni mwa shimo. Alitoka akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye kope, taa ingali inawaka kwenye paji la uso.

"Yaya, goja ninawe uso kwanza," alisema; kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

"Baki hivyo hivyo."

"Unipige foto sawa muhogo wenye kutoka mu udongo?"

Akacheka, nami nikabonyeza. Sijapiga picha nzuri kuliko ile. Mvua zilipoanza, shimo likamfunika. Hakuwa ameacha picha nyingine ya ukubwani.

Kwetu kilio hakikai bila picha. Huwekwa juu ya meza chini ya turubai, na kila anayefika husimama mbele yake kwanza, kabla ya kumpa mama mkono. Na marehemu lazima awe amevaa suti. Hata aliyekufa hana viatu, studio itamvalisha suti na kumwekea bustani nyuma. Mimi nilichapisha ile ya shimoni kwa ukubwa, nikaitia fremu, nikampelekea baba.

"Hii, apana," alisema. "Muvalishe kositime."

"Tata, hivi njo alikuwa. Njo kazi yake."

"Kazi yake ninaijua. Ile shimo ilishamukula. Sasa unataka imufuate mpaka ku meza?"

Nilimweleza sheria. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka ameficha kitu kwapani, akachukua na ile ya shimoni, akaelekea studio ya jirani.

Alichorudi nacho nilikitambua kabla hajakiweka mezani. Ilikuwa picha yangu ya mahafali, iliyokuwa ikining'inia sebuleni. Suti yangu, niliyoinunua kwa jasho langu. Mkono wangu umeshika diploma iliyoviringishwa. Juu ya kola, kichwa cha mdogo wangu: taa imefutwa, vumbi limefutwa, uso umeng'arishwa hadi ukawa mweupe kuliko wa mtu yeyote wa ukoo wetu. Shingo ilikuwa yangu, nyeusi.

Nilikwenda kwa jirani. Studio yake ilikuwa imejaa wateja.

"Umemupatia mwili yangu," nikamwambia.

"Yaya, tata yako njo aliileta. Alisema kositime ni ya familia." Akawageukia wateja. "Ye iko na diplome ku ukuta. Mi niko na nyinyi."

Walicheka. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kutofautisha picha na katuni.

Niliporudi, waombolezaji walikuwa wameanza kufika. Shangazi alikuwa ameinama mbele ya meza.

"Huyu mutoto alikuwaka na shingo ya rangi mbili?"

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Baba alinitazama. Sikuweza kuvumilia kazi mbovu kiasi kile juu ya meza yetu. Nilifungua kompyuta, nikamrudishia mdogo wangu rangi yake, nikaunganisha shingo hata mimi mwenyewe nisione mshono. Nilipoanza kufuta diploma mkononi, mama akasimama nyuma yangu.

"Iyo uache," alisema. "Angeipata."

Niliiacha, nikachapisha upya, nikairudisha picha mezani.

Kilio kilikwisha, picha ikahamia sebuleni, kwenye msumari wa ile yangu. Ile yangu jirani aliikata, wala hakuna aliyedai nyingine. Wageni huitazama, humwuliza baba marehemu alisomea nini. Baba huwajibu kwamba alisomea upigaji picha, ng'ambo, kwa nguvu zake mwenyewe. Mimi huwa nimekaa pale pale, namsikiliza.