Sahani ya Wifi

Ramadhani ya kwanza baada ya kuolewa Malindi, wifi yangu, dada wa mume wangu, alinirudishia sahani. Hakuirudisha tupu. Hapa sahani ya mtu hairudi tupu, na adabu hizo yeye anazijua kuliko mimi. Aliirudisha na biskuti zangu zote juu yake, hata moja haikumegwa.

Nilikuwa nimemtengenezea mavyaa, mama yao, aliyekuwa akikaa kwa wifi ng'ambo ya ua. Mayai na maziwa humvimbisha tumbo, kwa hiyo keki ikikatwa yeye huambulia chai ya rangi. Basi nikaloweka tende, nikaziponda, nikatia siagi ya njugu, unga wa kakao, oti za uji na chumvi kidogo. Nikafinyanga vidonge bapa nikavitia kwenye friji vigande. Hakuna tanuri wala makaa.

"Mama hali kitu kisichoona moto," wifi aliniambia pale langoni, majirani wakisikiliza. "Kwani huko kwenu Rabai kuni zimekwisha?"

Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa nawaka. Usiku ule nilizila biskuti zile zote mwenyewe, nimesimama mbele ya friji, na kila niliyoitafuna nilimtafuna yeye.

Haikupita wiki, mume wangu akaniambia kwa haya kwamba mama yake ananiona mkono wa birika: mwezi mtukufu huo, na sijampelekea hata kokwa ya tende. Kumbe wifi hakumwambia kitu! Ningeweza kwenda kwa mavyaa nikalie. Sikutaka. Bibi harusi mgeni akimshtaki binti wa nyumba, huitwa mchonganishi. Nilitaka meno ya mavyaa mwenyewe yatoe ushahidi.

Kosa langu nikaliona. Nilikuwa nimetumia sahani yangu, na sahani yangu ina njia ya kurudi kwangu. Sahani ya wifi ikishafika kwa wifi, imefika. Nikaingojea. Naye si mjinga, Ramadhani nzima hakuniletea hata kitumbua. Lakini siku ya Idi mavyaa huamuru kila nyumba ipate chake, na asubuhi vileja na visheti vikaja kwangu katika sahani ya wifi yenye maua ya buluu.

Niliiosha sahani ile huku naimba. Biskuti zilikuwa tayari tangu jana yake. Nikavaa dera jipya, nikavuka ua, nikapita katikati ya wageni hadi alipoketi mavyaa.

"Shikamoo, mama. Idi njema."

"Marahaba, mwanangu. Ni nini hivi vyeusi?"

"Oti na tende, mama. Havina yai wala maziwa."

Wifi akainuka. "Mama, hivyo havikupikwa..."

"Sahani ni yako, wifi," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Utairudisha kwa nani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mavyaa akamega, akatafuna polepole, akachukua ya pili. Ya tatu aliifunga kwenye pindo la leso yake.

"Na mbona Ramadhani hukuniletea?"

"Nilikuletea, mama. Zilirudi."

Mavyaa alimtazama bintiye, akamtazama, hadi wifi akaanza kukusanya vikombe ambavyo watu walikuwa bado wanavinywea. Sijawahi kuwa na Idi tamu kama ile.

Kesho yake adhuhuri wifi alisimama langoni kwangu na sahani ile ile ya maua, tupu.

"Mama anaomba nyingine," alisema, macho chini.

Biskuti zilikuwa tele kwenye friji. Jua lilikuwa la utosi.

"Kuni zimekwisha, wifi," nikamwambia. "Subiri hapo hapo."

Nikaingia ndani, nikajipikia chai, nikainywa yote, ndipo nikafungua friji.